Marehemu Alipobisha Hodi

Katika Mamre nzima hapakuwa na mtu mwenye mwandiko kama wa Thirza Kimber, na mwenyewe alilijua hilo. Kwa miaka sita alikuwa akiandika baraka za baba yake, Patriaki Jabez Ainscow, mzee aliyewawekea watu mikono kichwani na kuwatamkia yatakayowapata, na katika miaka hiyo sita wino haukuwahi kumdondoka hata mara moja. Wanawake wa chama cha kina mama walimletea barua awaandikie, hata wale waliojua kuandika, ili jamaa zao wa Salt Lake waone kwamba huku kusini kwenye mchanga mwekundu nako kuna watu.

Sasa mzee alikuwa anatimiza miaka themanini mwezi wa Juni. Macho yake yalishazibwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limekufa kabisa, la kulia limebakiza mwanga kidogo, kama wa mshumaa nyuma ya pazia. Alitaka Thirza anakili habari za maisha yake kutoka madaftari yake ya zamani kabla hajaondoka: kiwanda cha nguo cha Preston, ng'ambo ya bahari, alikoanza kazi na miaka saba, siku aliyowasikia wahubiri wa Watakatifu, kama waumini wa kanisa lao walivyojiita, wakisimama juu ya pipa sokoni, ubatizo wake katika mto Ribble, bahari, safari ya kuvuka nyika kwa miguu wakisukuma mikokoteni, hadi siku walipofungua mfereji wa kwanza wa Mamre. Yote. Siku ya sherehe kitabu kisomwe mbele ya watu, kisha kila tawi la ukoo lipewe nakala. Na chini ya ukurasa wa mwisho Thirza aandike, "Nimeandika kwa mkono wangu, na yote ni kweli," halafu jina lake.

Sentensi hiyo alikuwa ameshaijaribu mara nyingi kwenye karatasi za kufungia sabuni. Ilimpendeza sana.

Aliandikia kwenye chumba cha mbele, pamoja na viwavi wa hariri. Mwaka ule, 1881, kila nyumba ya maana huko kusini ilifuga viwavi, kwa kuwa kina mama walikuwa wameazimia kwamba Watakatifu watavaa hariri yao wenyewe. Trei zilipangwa ukutani mpaka darini, na mwezi wa Mei viwavi walipokuwa wakubwa walitafuna majani ya mforosadi mchana kutwa, chumba kikawa na mlio kama wa mvua juu ya paa la mbao. Wageni uliwatia kichefuchefu. Thirza ulimtuliza.

Jumanne moja, siku mbili kabla ya Alhamisi ya mfungo, alikuwa amefika ukurasa wa Florence.

Florence ilikuwa kambi ya mwisho kabla ya nyika. Watu wa mikokoteni walifika hapo Agosti ya mwaka 1856, wamechelewa, na Jabez Ainscow alikuwa mmoja wa wahubiri waliowaongoza. Alikuwa na mkewe Hannah na binti wawili: Lettice wa miaka kumi na saba, na Thirza wa miaka saba. Ukurasa huo Thirza aliujua kwa moyo kabla hajaunakili. Aliusikia kila mkusanyiko wa ukoo, kila baba yake alipoulizwa juu ya safari. Aliuandika taratibu, kwa herufi za kutulia:

"Huko Florence binti yangu Lettice, aliyenung'unika sana dhidi ya safari, alishikwa na homa, akafa siku ya tatu. Nikamzika kwa mikono yangu chini ya mti mkubwa kando ya mto, nikapanga juu yake mawe ishirini na mawili, mbwa-mwitu wasimfikie."

Alikuwa anamalizia neno la mwisho mtu alipobisha hodi.

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Kizingitini alisimama mwanamke wa makamo, mabega mapana, kofia ya kiume kichwani, buti za kiume miguuni, mfuko wa safari mkononi, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope.

"Hapa ndipo kwa Thirza, binti Jabez?"

"Ndipo. Karibu, dada. Kama ni baraka, Patriaki amelala. Njoo saa tisa."

"Baraka ninazo za kunitosha. Mimi natafuta panya."

"Panya?"

"Panya wangu mdogo. Alikuwa akiingia kulala ndani ya pipa la unga. Tukimtoa ni mweupe mpaka nyusi, anapiga chafya mpaka jioni."

Kalamu ilimtoka Thirza mkononi. Tone la wino likaanguka katikati ya ukurasa, juu kabisa ya neno "nikamzika", likatambaa kama kitu chenye miguu. Hakulitazama. Duniani hapakuwa na mtu aliyejua jina hilo. Mama yake alilijua, na mama yake alikufa kwenye theluji. Lettice alilijua, kwa sababu ndiye aliyempa.

"Lettice alikufa," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, ya mtoto.

"Nani kasema?"

Thirza alionyesha karatasi kwa kidole. Mgeni akaja, akaweka mfuko chini, akasoma akitembeza midomo, na kadiri alivyosoma ndivyo nyusi zilivyopanda.

"Siku ya tatu! Siku ya tatu, mdogo wangu, nilikuwa nafua mashati ya mhunzi Voss, nikiwa na afya ya punda. Na mawe ishirini na mawili? Loo! Kaburi zuri hili. Marehemu mume wangu mwenyewe sikumpa zuri namna hii."

Thirza akainuka. Alinyoosha mkono akaugusa uso wa yule mwanamke, akapapasa shavu lenye vumbi, pua, kidevu. Ulikuwa moto. Ulikuwa na jasho. Maiti hana jasho.

"Usinitie kidole jichoni," alisema Lettice, lakini hakuuondoa ule mkono.

Wakakumbatiana katikati ya mlio wa viwavi, na Thirza alilia kwa mayowe asiyowahi kuyatoa tangu utotoni, hata Permelia akaja mbio kutoka uani na kapu la majani. Permelia alikuwa mke mkubwa wa Alvah Kimber, na Thirza mke mdogo. Mume wao alikuwa ametumwa kuhubiri Denmaki mwaka wa pili huo, na wake wenza hao waliendesha nyumba kwa kugombana asubuhi na kupatana jioni.

"Nani kafa?" aliuliza Permelia.

"Mimi," alisema Lettice. "Ila nimechelewa kupata habari. Una kahawa, dada?"

"Kahawa, kitu kilichokatazwa, katika nyumba ya Patriaki! Huyu ni nani, Thirza, mtu wa Mataifa, asiye wa imani yetu?"

"Ni dada yangu. Lettice."

Permelia alitazama ukurasa, akamtazama mgeni, akatazama tena ukurasa. Kisha akaketi juu ya kapu lake, majani yote yakabondeka.

"Mungu wangu. Marehemu anaomba kahawa."

Alikwenda kuichemsha. Alikuwa nayo, imefichwa ndani ya kopo la mbegu za malenge, na siku ile hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Lettice akasimulia, kwa ufupi, kwa maana hakuwa mtu wa maneno mengi pale pasipo na mzaha. Hakuugua. Kule Florence wasafiri wazoefu wa njia ile waliwaambia kwamba msimu umepita, na theluji itawakuta milimani. Alimsihi baba yao wakae mpaka masika. Baba akasimama mbele ya kambi nzima akasema Mungu ataizuia theluji, na binti anenaye dhidi ya safari si binti yake. Basi Lettice akamwomba amwachie walau mama na mtoto. Akakataa. Alfajiri mikokoteni ikaondoka. Lettice alibaki, akapata kazi ya kufua kwa mhunzi mmoja Mjerumani, baadaye akaolewa naye, akazaa watatu. Mhunzi alifariki mwaka jana. Lettice alikuja kwa treni hadi Milford, kisha siku tano juu ya gari la magunia ya unga.

"Nilitaka kumwona Baba kabla hajafa," alisema. "Sikujua kwamba mimi nimemtangulia."

Thirza alikuwa anatafuta katika kumbukumbu yake ile homa, kama mtu anayepekua sanduku. Hakuipata. Alikumbuka Lettice akimbeba mgongoni jioni, akiimba. Alikumbuka asubuhi, mkokoteni unakwenda, na sauti ya baba ikisema, "Lettice amelala kwa Bwana." Jioni mzima, asubuhi mfu. Miaka ishirini na mitano hakuwahi kujiuliza hizo siku tatu ziliingia wapi.

"Lakini Baba..." Alitafuta njia. "Labda aliambiwa. Labda mtu alimletea habari za uongo baada ya sisi kuondoka."

Lettice alifungua mfuko, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikatoboka.

"Niliandika barua kumi na moja. Hii ndiyo iliyojibiwa. Mwaka wa sitini na tisa."

Thirza hakuhitaji kusoma sahihi. Yeye aliyekesha miezi minane na madaftari ya mzee, aliujua ule mwandiko kama ajuavyo miguu yake mwenyewe: ule mlalo kuelekea kulia, mikia mirefu iliyopinda kama ndoana, na kalamu iliyokandamizwa mpaka karibu kuchana karatasi.

"Bibi, sina binti wa jina hilo. Huyo nilimzika Florence. Usiniandikie tena. J. Ainscow."

Aliisoma mara tatu. Uso ulimpauka mpaka Permelia akamshika bega.

"Alijua," alisema Thirza. "Alijua. Na mimi nimebatizwa kwa ajili yako."

"Umefanywa nini?"

"Hekaluni, St. George, miaka mitatu iliyopita. Ulikufa hujabatizwa, Lettice. Ulikataa kule Preston, ulisema maji ya Ribble ni baridi. Roho yako ilikuwa imefungiwa inangoja. Nilivaa nguo nyeupe, nikashuka kisimani, kile kisima cha chuma kinachobebwa na sanamu kumi na mbili za ng'ombe dume, nikazamishwa kwa niaba ya Lettice Ainscow, aliyefariki Agosti 1856. Jina limeandikwa kwenye kitabu cha hekalu."

Lettice alimkodolea macho. Kisha kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, akacheka mpaka akashika meza.

"Maji yalikuwaje?"

"Ya vuguvugu."

"Basi si mngeniita!"

Permelia naye akapasuka, akaziba mdomo kwa aproni. Thirza hakucheka. Alikuwa anaona kile kisima, na pembeni yake mzee mwenye ndevu nyeupe aliyeketi kama shahidi. Macho yake siku zile yalikuwa bado yanaona. Ndiye aliyempa karani jina na tarehe ya kifo. Ndiye aliyempa Thirza mkono kumsaidia kushuka zile ngazi. Alisikia neno "aliyefariki" likitamkwa mbele za Mungu, na alikuwa ameshaandika barua hii.

Jambo hilo lilimwia zito kuliko uongo wenyewe. Binadamu hudanganya, hata wanawake wa chama hudanganya juu ya idadi ya vifukofuko vyao vya hariri. Lakini pale kisimani! Thirza alitoka siku ile amelowa, analia kwa furaha, akamwambia baba yake, "Sasa yuko huru," na mzee akamjibu, "Amina, mwanangu."

Saa tisa alimwongoza Lettice uani, chini ya mizabibu, ambapo mzee alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, fimbo magotini.

"Nani yuko nawe?" aliuliza. "Ana hatua nzito."

"Hujambo, Baba," alisema Lettice.

Mzee alinyooka kitini. Mkono uliinuka wenyewe hewani, kama anavyofanya anapotafuta kichwa cha kukibariki, ukabaki pale.

"Hiyo ni sauti ya Hannah."

"Ya binti yake."

Mkono ukashuka. Nyuki walikuwa kwenye maua, na mfereji ulikuwa unapita. Thirza alingoja. Alingoja baba yake alie, au aombe radhi, au walau aulize kama kasafiri salama.

"Thirza, mwondoe mwanamke huyu," alisema mzee. "Simjui."

Lettice alivaa kofia yake. "Mara ya pili hii unaniacha njiani, Baba. Unazidi kuwa hodari." Akarudi ndani kwa hatua zake nzito, lakini Thirza alimwona akijigonga kwenye mwimo wa mlango kama kipofu.

"Baba," alisema Thirza, "nimeiona barua yako."

"Maliza kitabu."

"Kina jina langu chini."

"Maliza kitabu, binti!"

Hakuwahi kumjibu baba yake maisha yake yote. Aliolewa mke wa pili akiwa na miaka kumi na tisa kwa sababu yeye alisema Bwana anataka hivyo. Alihamia Mamre penye joto la tanuri kwa sababu yeye alisema. Vidole viwili vya mguu wake wa kushoto viliachwa kwenye theluji kwa sababu yeye alisema, na hata juu ya hivyo hakuwahi kunung'unika.

"Sitaandika," alisema, na aliposikia sauti yake alishtuka kuliko mzee. "Ulinipa mkono nikashuka kisimani. Ulinifanya nibatizwe kwa ajili ya mtu aliye hai. Kwa nini?"

Mzee alikuwa anasugua kichwa cha fimbo kwa kidole gumba, huku na huku.

"Kwa sababu kama yu hai, alisema kweli," alijibu mwishowe. "Alisema theluji itakuja. Nikasimama mbele ya roho mia nne nikasema haitakuja. Ikaja. Mama yako alikufa Oktoba, kule kwenye kivuko. Unakumbuka nilivyomzika?"

"Hapana. Nilikuwa na homa ndani ya mkokoteni."

"Sikumzika. Ardhi ilikuwa chuma. Hatukuwa na nguvu hata ya kuinua sururu. Nilimfunika na theluji, kwa mikono, na mbwa-mwitu walikuwa wamekaa pale, Thirza, wamekaa kama watu kanisani, wanangoja tuondoke."

Thirza alishika nguzo ya mizabibu.

"Tulipofika bondeni Salt Lake watu wakaniuliza habari za Lettice. Nikasema amekufa. Wakauliza, ulimzika vizuri? Nikasema, nilimzika vizuri. Chini ya mti. Nikapanga mawe." Kidole gumba kilirudi kwenye kichwa cha fimbo. "Mara ya kwanza nilijua ni uongo. Mara ya kumi niliona mti. Ulipoingia kisimani, haki ya Mungu wangu sijui nilijua nini. Barua zilikuwa zimekoma miaka tisa. Nilisema moyoni, labda sasa amekufa kweli. Labda Mungu amenifanya mkweli."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kwenye kitabu kizima mama yake alikuwa na mstari mmoja tu: "Hannah alitutoka kwenye kivuko." Thirza aliunakili mwezi uliopita, akashangaa ulivyo mfupi. Sasa alijua. Kaburi la mama yake lilikuwa ukurasa wa Florence. Mzee alilichukua akampa aliye hai, asije akalazimika kusema aliyekufa hakupata kaburi.

"Nihurumie," alisema mzee. "Nina miaka themanini. Acha nife na kitabu changu kama kilivyo. Yeye atarudi kwake, hakuna atakayejua."

Thirza alimhurumia. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, na Jumatano nzima aliwalisha viwavi majani mpaka Permelia akamwambia atawapasua. Angeandika upya ule ukurasa wenye doa, asaini, mzee afe kwa amani. Lettice mwenyewe alikuwa anafunga mfuko wake.

"Mwache, Panya," alisema. "Nimeshazoea kuwa marehemu. Gari la unga linarudi kesho mchana."

"Utakuja nami kanisani kwanza."

"Kufanya nini? Mimi ni mtu wa Mataifa."

"Kukaa. Ukae tu."

Alhamisi ya kwanza ya mwezi Mamre yote ilifunga. Hakuna jiko lililowashwa, na walioshindwa kuvumilia walijificha kwenye mazizi. Mkutano ulianza saa nne. Katika mkutano wa mfungo hakuna hotuba iliyopangwa: mtu akisukumwa na roho husimama pale alipo, anatoa ushuhuda wake, na wote huitikia amina. Askofu Overgaard, Mdenishi mwenye ndevu nyekundu, alikaa jukwaani, na kando yake, kwenye kiti chake cha heshima, Patriaki.

Alisimama mjane mmoja akashukuru kwa mbuzi aliyepatikana. Akasimama seremala, akashukuru kwa mgongo wake. Kisha Thirza akasimama.

"Ndugu na dada zangu," alisema, "mimi mnanijua. Najivunia mwandiko wangu, na Permelia ameniambia mara nyingi kwamba najivunia kupita kiasi."

"Kweli," alisema Permelia, na watu wakacheka kidogo.

"Miaka mitatu iliyopita niliingia nyumba ya Bwana nikabatizwa kwa ajili ya dada yangu Lettice, aliyekufa Florence. Nilisimama hapahapa nikawaambia, mkalia pamoja nami. Dada yangu hakufa. Hakuugua. Alibaki, kwa sababu aliona theluji itakuja, na ilikuja. Amekaa pale kwenye benchi la nyuma, mwenye kofia."

Vichwa vyote viligeuka kwa mara moja, mabenchi yakalia. Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Askofu alikuwa amenyanyuka nusu, mdomo wazi.

"Naomba Bwana anisamehe kwa kumhesabu aliye hai miongoni mwa wafu. Na mama yangu, Hannah Ainscow, hana kaburi. Hakuwahi kuwa nalo. Nilikuwa sijui. Nashuhudia kwamba hayo ni kweli, katika jina la Yesu Kristo. Amina."

Hakuna aliyeitikia.

Ukimya ule Mamre haikuwahi kuusikia, wala haijausikia tena. Baada ya kila ushuhuda watu huitikia, hata ushuhuda uwe wa mbuzi. Sasa watu mia mbili walikaa vinywa vimefungwa, macho yanatoka kwa Thirza yanakwenda kwa Patriaki, yanarudi. Mzee angesema neno moja tu, kwamba binti yake amechanganyikiwa, wangemwamini. Alikuwa amewawekea mikono kichwani wote waliokuwa mle ndani. Thirza alibaki amesimama.

Fimbo iligonga sakafu ya jukwaa. Mzee aliinuka taratibu, akakataa mkono wa Askofu. Uso aliuelekeza mahali ambapo sauti ya Thirza ilitoka.

"Amina," alisema.

Ilitoka kwa kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa miaka mingi. Kisha Permelia, kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Amina!" Halafu wengine, mmoja mmoja, wameshtuka bado, mpaka jumba likajaa.

Mzee hakuketi. "Lettice yuko wapi?"

"Niko hapa, Baba," ilijibu sauti kutoka nyuma. "Na nina njaa. Hawa watu wako hawali?"

Gari la unga liliondoka bila yeye.

Askofu aliandika hekaluni kueleza kosa lile, na jina likapigwa mstari. Walisema litashughulikiwa wakati wake utakapofika. "Nikifa kweli," alisema Lettice, "mniulize kwanza." Wapo waliosema Thirza amemwaibisha mzee mtakatifu, na familia mbili ziliacha kuja kuomba baraka. Mzee hakulalamika. Aliagiza jambo moja, wiki moja kabla ya sherehe, akapelekwa makaburini na binti zake wawili, kwenye pembe ambayo haikuwa na mtu, chini ya mti mkubwa kando ya mfereji. Lettice alibeba mawe kutoka korongoni, Thirza akamwelekeza mzee mikono. Mzee alipiga magoti akayapanga mwenyewe kwa kupapasa, akihesabu kwa sauti, na hakutaka kusaidiwa hata pale jiwe lilipomponyoka na kumbana kidole. Alipofika ishirini na mbili aliyapapasa yote upya, toka mwanzo hadi mwisho, kuhakikisha hakuna upenyo.

Jioni ile alisema, "Andika." Thirza alitoa ukurasa wenye doa, akachukua mpya.

"Huko Florence binti yangu Lettice alisema theluji itakuja. Sikumsikiliza. Alibaki, akaishi. Mke wangu Hannah alinifuata, akafa kwenye kivuko, na sikumchimbia kaburi. Mawe yake niliyapanga Mamre, mwaka 1881, yeye hayuko chini yake."

Ndani ya nyumba viwavi walikuwa wameacha kula, wameanza kujifunga nyuzi, na pasipo ule mlio chumba kilionekana kikubwa.

"Umeandika yote?"

"Yote, Baba."

"Basi tia jina lako."

Thirza alichovya kalamu, akaandika ile sentensi aliyoijaribu mara nyingi, akatia jina lake chini. Herufi hazikukaa vizuri. Aliziacha hivyo.